Nikimtamani Mungu naye akanyamaza, je, nimekataliwa?

Swali kutoka kwa kiu_ya_alfajiri

Ndugu wanajamvi, nawasalimu kwa heshima. Nimesoma mijadala ya hapa kwa muda mrefu bila kuandika neno, na leo naandika kwa sababu jambo lenyewe limenizidi uwezo.

Nililelewa katika nyumba ya Kihindu ambamo bibi aliwasha taa mbele ya Krishna, Mungu tunayemwabudu, kila jioni, lakini mimi mwenyewe sikushika ibada hadi nilipokuwa mtu mzima. Miaka 6 iliyopita nilianza japa, yaani kulitaja jina la Mungu tena na tena kama mtu avutaye uradi, kwa tasbihi ya punje 108, kila alfajiri kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Miezi ya mwanzo ilikuwa na utamu ambao sijui kuueleza. Kisha ikaja alfajiri moja ambayo, nikiwa katikati ya mzunguko wa pili, nilitambua kwamba siko peke yangu. Sikuona sura wala sikusikia sauti. Nilijua tu, kama mtoto aliyefumba macho anavyojua kwamba mama ameingia chumbani. Nililia hadi kukapambazuka, na machozi yale hayakuwa ya huzuni.

Hali ile haijarudi hata mara moja. Kwa miaka 5 sasa naketi mahali palepale, na tasbihi ileile, nikitamka jina lilelile, na ninachokipata ni kimya. Lililo gumu zaidi ni kwamba kimya hiki hakijanisahaulisha. Laiti ningesahau, ningeacha kwa amani na kuendelea na maisha yangu. Badala yake nabeba kitu kama njaa kifuani. Nafanya kazi, nacheka na watu, natimiza wajibu wangu wa nyumbani, lakini chini ya hayo yote kuna jina ninaloliita na lisiloitika.

Jambo la pili linahusu mwongozo. Miaka 2 iliyopita nilijiunga na kikundi kimoja kilichokutana kwa njia ya intaneti chini ya mtu aliyejiita guru, yaani mwalimu wa kiroho. Nilimweleza ukavu wangu, naye akanijibu kwamba sababu ni moja tu, kwamba sijajisalimisha kwake vya kutosha. Nikaanza kumwomba ruhusa hata kwa mambo ya ndani ya nyumba yangu, nikatoa kila mchango nilioambiwa nitoe, na siku nilipouliza ni andiko gani linalomkataza mwanafunzi kuuliza, niliondolewa kikundini jioni hiyohiyo bila neno la kuagana. Siyaandiki haya ili kumshitaki mtu. Nayaandika kwa sababu tangu siku ile, nikilisikia neno guru, mwili wangu wote huingiwa na hofu, ilhali karibu kila andiko ninalolifungua linasema kwamba njia hii haipitiki bila guru.

Kwa hiyo naomba kuuliza. Je, shauku isiyojibiwa kwa muda mrefu kiasi hiki ni sehemu ya njia ya bhakti, yaani ibada ya kumpenda Mungu, au ni dalili kwamba nimepotea mahali fulani, au kwamba nimekataliwa? Na je, mtu aliyeumizwa kama mimi anaweza kuendelea bila guru? Naomba majibu ya watu wanaoishi ndani ya njia hii, na ningependa yawe ya kweli hata kama hayatanifariji.

Jibu kutoka kwa mtumishi_wa_jina

Mwanangu, nina miaka 71 na nimelishika jina hili tangu ujana wangu, kwa hiyo niruhusu nikuite hivyo. Nitalijibu swali lako la kwanza na kuwaachia wengine la pili, ingawa nadhani utaona kwamba maswali yako mawili yana mzizi mmoja.

Uliyoyasimulia yalikwisha kuandikwa zamani. Katika Bhagavata Purana, andiko linalosimulia habari za Krishna, kitabu cha 1, sura ya 5 na ya 6, mwonaji Narada anasimulia maisha yake yaliyotangulia, alipokuwa mtoto wa mjakazi. Watawa waliokuwa wakisafiri walitua mahali pale kwa miezi ya mvua, mtoto akawahudumia, akasikia habari za Krishna kutoka vinywani mwao, nao kabla ya kuondoka wakamfundisha. Baadaye mama yake alifariki kwa kuumwa na nyoka, na yule mtoto akashika njia ya kaskazini peke yake, mpaka akaketi msituni chini ya mti wa pipala na kumtafakari Mungu kama alivyofundishwa. Mungu akamtokea moyoni, kisha akatoweka. Narada aliinuka amefadhaika, akajaribu tena na tena kuurudisha uono ule, asiweze. Ndipo sauti ikamwambia kwamba katika maisha yale hatamwona tena, na kwamba alionyeshwa mara ile moja ili shauku yake iwake.

Nakuomba uisome sura ile taratibu, kwa sababu wengi huipita mbio. Ni kweli kwamba sauti ile ilisema kuwa wale ambao mioyo yao haijaiva katika utakaso hawamwoni kwa urahisi. Lakini papo hapo ikaongeza kwamba anayemtamani Yeye huachana pole kwa pole na matamanio mengine yote yaliyolala moyoni. Kwa maneno mengine, mtoto yule hakuambiwa ajitakase kwanza ndipo astahili kutamani. Aliambiwa kwamba kutamani ndiko kunakotakasa. Naye hakurudi nyuma kwa kinyongo. Alitumia siku zake zote zilizobaki akitembea duniani na kuimba majina, akiusubiri wakati wake bila kumwonea mtu wivu.

Hali hii ina jina lake, viraha, yaani uchungu wa kutengana na umpendaye. Narada Bhakti Sutra, yenye sutra (kauli fupi za mafundisho) 84, inaieleza bhakti katika sutra ya 19 kuwa ni kumkabidhi Mungu matendo yote, na kufadhaika kupita kiasi pindi anaposahaulika. Fadhaa imewekwa ndani ya maana ya bhakti yenyewe. Tungetarajia kuikuta kwenye orodha ya vikwazo, na haipo huko.

Sasa niruhusu nikae kidogo juu ya simulizi ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa inakuhusu zaidi ya unavyodhani. Imo katika Chaitanya Charitamrita, na inamhusu mtawa Madhavendra Puri alipokuwa amelala kitandani pa mauti. Mtu huyu aliyeheshimiwa na wote alikuwa akilia kwamba hakumpata Krishna, kwamba hakufika Mathura, mji wa Krishna. Mwanafunzi wake mmoja, Ramachandra Puri, akamwendea na kumfundisha: kumbuka kwamba wewe mwenyewe ni Brahman, yaani Uhalisi mkuu, sasa unalilia nini? Madhavendra akamfukuza mbele ya macho yake, akisema kwamba anakufa kwa uchungu wa kumkosa Krishna na huyu anakuja kumzidishia uchungu. Mwanafunzi mwingine, Ishvara Puri, hakufundisha kitu. Alimsafisha mgonjwa uchafu wake wote kwa mikono yake mwenyewe, na huku akimsafisha alikuwa akimtajia jina la Krishna na kumsimulia habari zake. Madhavendra akamkumbatia, akambariki apate utajiri wa kumpenda Krishna, kisha akafariki akiwa na ubeti mmoja mdomoni, ubeti unaomwita Bwana wa Mathura na kumuuliza ni lini atamwona.

Ishvara Puri huyo ndiye aliyempa Chaitanya diksha, yaani kumpokea rasmi kuwa mwanafunzi kwa kumpa mantra (maneno matakatifu ya kurudia), katika mji wa Gaya. Na Chaitanya (1486–1534), ambaye nyimbo za majina zilitapakaa Bengal na Odisha kwa sababu yake, aliacha beti 8 tu za mafundisho, na ubeti wa 7 unasema kwamba kufumba na kufumbua kumekuwa kama enzi nzima, macho yanatiririka kama majira ya mvua, na dunia yote ni tupu kwa kumkosa Govinda, yaani Krishna.

Hebu tazama nasaba ya walimu hawa watatu, uone ni kitu gani kilichopokezanwa kati yao. Hakuna mahali ambapo mmoja anampa mwenzake siri ya kuumaliza uchungu. Waliachiana uchungu wenyewe, pamoja na namna ya kuubeba kwa utumishi, na aliyejaribu kuuondoa kwa hoja ndiye aliyefukuzwa.

Sina uwezo wa kukuahidi kwamba kimya kitaisha mwezi ujao au mwaka ujao. Ninachoweza kukushuhudia kwa miaka yangu ni kwamba sijapata kumwona mtu aliyekataliwa akiwa na njaa ya namna yako. Njaa hiyo hukujitilia mwenyewe.

Jibu kutoka kwa njia_ya_upanishadi

Dada, pole sana kwa yaliyokupata. Mzee ameyasema ya shauku vizuri kuliko ambavyo ningeweza, nami nitashika swali la guru, kwa sababu naona hapo ndipo ulipojeruhiwa, na jeraha likiachwa bila kuoshwa mtu huanza kuikimbia hata dawa.

Andiko kuhusu mwanafunzi kuuliza lipo, na liko upande wako. Bhagavad Gita, mazungumzo ya Krishna na Arjuna, katika 4.34 inamtaja mwanafunzi anayemwendea mwalimu kwa mambo matatu: kunyenyekea, kuuliza na kutumikia. Hayo matatu ni kama mafiga. Ukiondoa figa la kuuliza, chungu kinamwagika, na walio karibu ndio wanaoungua. Tena angalia jinsi Krishna anavyohitimisha mafundisho yake yote kwa Arjuna katika 18.63: anamwambia ayatafakari yote kikamilifu, kisha afanye apendavyo. Ikiwa Bwana mwenyewe alimwachia mwanafunzi wake uhuru wa kupima na kuamua, ni nani mwingine anayeweza kuudai uhuru huo kutoka kwako?

Mundaka Upanishad 1.2.12 inamwelekeza mtafutaji amwendee guru akiwa na kuni mkononi, ishara ya utayari wa kutumika, lakini haimwelekezi kwa yeyote tu. Inataja sifa mbili za guru: awe amezama katika maandiko, na awe amesimama imara ndani ya Brahman. Sifa ya kwanza unaweza kuipima kwa maswali. Ya pili haipimiki kwa siku moja, na ndiyo sababu mila inawataka guru na mwanafunzi wachunguzane kwa muda mrefu kabla ya diksha. Baadhi ya vitabu vya Wavaishnava, waabudu wa Vishnu na Krishna, vinataja mwaka mzima. Mtu anayekutaka ujisalimishe kabla hujamjua ameruka hatua ambayo mila imeiweka kwa ajili ya ulinzi wako.

Hata hivyo, sitakuambia kwamba guru hahitajiki, kwa maana uliomba ukweli. Shauku ina nguvu lakini haina macho. Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Ramakrishna (1836–1886), kuhani wa hekalu la Kali, mungu mama, la Dakshineswar, karibu na Kolkata, hekalu lililowekwa wakfu mwaka 1855. Jua lilipozama alikuwa akilia kwa sauti kwamba siku nyingine imepita na Mama hajajionyesha, akisugua uso wake ardhini. Wengi waliomzunguka walidhani amerukwa na akili. Alitibiwa na matabibu, na mwaka 1859 jamaa zake walimwoza mke wakitumaini kwamba angetulia. Hata baada ya kupata uono alioutamani, hakuwa na mtu wa kumwambia ni nini kinachomtokea, naye mwenyewe alikuwa na wasiwasi kwamba huenda watu wanasema kweli.

Mwaka 1861 alifika mtawa mwanamke aliyejulikana kama Bhairavi Brahmani, mwenye elimu kubwa ya maandiko. Alimsikiliza, akafungua vitabu, akamwonyesha kwamba wanachokiita wazimu ni hali aliyoipitia Radha, mpenzi wa Krishna, aliyoipitia na Chaitanya, kisha akaitetea kauli yake mbele ya wanazuoni. Baada ya hapo akamwongoza katika mazoezi yenye mpangilio. Mwanamke yule hakuiwasha shauku ya Ramakrishna, maana ilikuwa ikiwaka tayari; aliipa jina, akaipa mahali katika mila, akaipa mwendo. Hiyo ndiyo kazi ya guru kwa mtu kama wewe. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami siupingi unyenyekevu hata kidogo, ila anayeinama hatakiwi kufumba macho.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usilifunge shauri hili. Endelea na jina, omba upate guru, na usimkimbilie yeyote. Lakini diksha, siku moja, naiona kuwa ya lazima.

Jibu kutoka kwa taa_ya_margali

Dada yangu, mimi nimekulia katika mila ya Kitamili ya Alvar, washairi watakatifu waliomwimbia Vishnu, na nitazungumza kama mwanamke kwa mwanamke mwenzake.

Kabla ya jambo lolote naomba nikuulize, nawe ujijibu kwa unyofu: unalala? Unakula? Unapoamka asubuhi, unaona sababu ya kuwapo? Nauliza kwa sababu nimewahi kumwona mtu wa karibu yangu akiuita ugonjwa wa sonona kwa jina la viraha, na sisi tuliomzunguka tukamsifu kwa machozi yake badala ya kumpeleka kwa daktari. Maumivu ya tukio lile bado ninayo. Kumwona daktari hakumpunguzii Mungu heshima, na dawa haiui bhakti.

Maandiko yenyewe yanatusaidia kutofautisha. Rupa Goswami, mwanafunzi wa Chaitanya, katika Bhaktirasamritasindhu aliyoikamilisha mwaka 1541, anataja dalili 9 za mtu ambaye upendo wa kweli umeanza kuchipuka ndani yake. Machozi hayamo katika dalili hizo 9. Ya kwanza ni uvumilivu, yaani kutotikisika hata pale ambapo ipo sababu ya kutikisika. Imo dalili ya kutopoteza wakati, imo ya kutotafuta kuheshimiwa. Kisha, zikifuatana, zimo mbili ambazo mimi huzitazama daima kwa pamoja: asha-bandha, yaani tumaini lililofungwa imara, na samutkantha, shauku kuu. Shauku imewekwa bega kwa bega na tumaini. Uchungu uliopoteza tumaini kabisa, usiomwona tena Yule unayemtamani kuwa anaweza kuja, huo ni kitu kingine na unahitaji msaada wa namna nyingine. Mahali pengine katika kitabu hichohicho anaonya kwamba wapo watu wenye mioyo laini kwa maumbile, na wengine waliojizoeza kulia, ambao machozi huwatoka bila hisia yoyote ya kweli ndani. Aliyeandika hivyo ndiye mwanazuoni mkuu wa machozi hayo, kwa hiyo hakuyadharau; alikuwa akiyalinda.

Kuhusu guru, naomba nitofautiane kidogo na kaka aliyetangulia, na nafanya hivyo kwa heshima, nikikumbuka kwamba sutra ya 74 ya Narada inatuasa tusiingie katika ubishi. Naheshimu ulazima wa diksha katika madhehebu yake. Lakini hata Wavaishnava wa Bengal wanamtofautisha guru wa diksha, anayekupa mantra, na guru wa shiksha, anayekufundisha, na hawa wa pili wanaweza kuwa wengi. Bhagavata, kitabu cha 11, sura ya 7 hadi ya 9, inamleta mtawa aliyemweleza mfalme Yadu kwamba ana walimu 24, wakiwemo ardhi, upepo, bahari, nyuki na chatu, na anamalizia akisema kwamba maarifa ya mwalimu mmoja pekee hayawi imara wala kamili. Kwa mtu ambaye neno guru limemwingiza hofu, nadhani mlango huu ni mpana wa kutosha kwa sasa.

Tena kuna jambo ambalo sijaona likitajwa, nalo ndilo lililonifanya niandike. Unaketi peke yako. Miaka 6, alfajiri, wengine wote wamelala. Andal, mwanamke pekee kati ya Alvar 12, binti wa Srivilliputhur, alimtamani Vishnu kiasi cha kukataa kuolewa na mwanadamu yeyote, na katika beti 143 za Nachiyar Tirumoli utasikia uchungu usiofichwa kabisa. Lakini katika beti 30 za Tiruppavai, zile tunazozisoma ubeti mmoja kila siku katika mwezi wa Margali, yeye haendi kwa Bwana peke yake. Kuanzia ubeti wa 6 hadi wa 15 anapita mlango kwa mlango akiwaamsha wenzake: amka, ndege wanalia, mbona bado umelala? Beti 10 kati ya 30, theluthi nzima, ni za kuwaamsha wengine. Nilipokuwa msichana nilidhani sehemu ile inachelewesha safari. Siku hizi naamini safari ilikuwa imeanza pale pale milangoni.

kiu_ya_alfajiri anajibu

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni sana kaka na dada. Nimeyasoma majibu yenu mara tatu, na lile la Ishvara Puri nililisoma nikiwa nimesimama.

Dada yangu, nakujibu kwa unyofu ulioutaka. Nalala, nakula, na asubuhi naona sababu ya kuwapo. Tumaini lipo, nadhani nimekuwa nikilionea aibu, kama mtu anayemngoja mgeni ambaye majirani wote wameshasema kwamba hatakuja. Lakini ulipotaja uvumilivu kuwa dalili ya kwanza niliumia, kwa sababu nimekuwa mkali mno nyumbani. Mtoto akiamka mapema na kuniita nikiwa kwenye japa, namkemea, kisha narudi kwenye tasbihi nikiwa nimeudhika na kulitaja jina kwa meno yaliyobana.

Kaka, nimekuelewa, na sitaufunga mlango. Mzee wangu, naomba unielekeze jambo moja tu. Kesho alfajiri nitakapoketi, nifanye nini?

mtumishi_wa_jina anajibu

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali ambalo nilipaswa kulijibu tangu mwanzo.

Kwanza, ondoka mahali pale. Kwa miaka 5 umekuwa ukikaa kwenye kona ileile ukiingoja alfajiri ile, na nakuuliza kwa upendo kama unamngoja Yeye au unaingoja siku ile. Katika Bhagavata, kitabu cha 10, Krishna alipotoweka mbele ya wachunga ng'ombe wa kike wa Vrindavana usiku wa ngoma, walimtafuta msituni wakiiuliza miti na kuzifuata nyayo zake, na hawakumpata huko. Walipoingia giza nene waliacha kutafuta, wakarudi ukingoni mwa mto Yamuna, wakaketi pamoja na kumwimbia. Alirudi katikati yao wakiwa wanalia na kuimba. Na walipomuuliza kwa nini aliwafanyia hivyo, aliwajibu, katika 10.32.20, kwamba wakati mwingine haitikii haraka kwa wampendao ili upendo wao uzidi, kama maskini aliyepata mali ikampotea, ambaye hawazi tena kitu kingine. Kwa hiyo keti penginepo, hata kama ni hatua mbili tu kutoka hapo, na usiisubiri tena alfajiri ile.

Pili, punguza mizunguko. Sijui unafanya mingapi, lakini ifanye nusu, na kila jina ulisikie kwa masikio yako mwenyewe kabla hujalitamka linalofuata. Muda utakaobaki ni wa mtoto. Akikuita, itika mara ya kwanza, weka tasbihi chini na umhudumie, na midomo yako iendelee na jina huku mikono ikimfunika au kumvisha. Ishvara Puri hakuwa na tasbihi mkononi alipobarikiwa. Mikono yake ilikuwa na kazi nyingine, na jina lilikuwa mdomoni. Hilo nililijua kwa kusoma nikiwa na miaka 30, na nilianza kulifanya nilipofika 60, mke wangu alipougua. Usichelewe kama mimi.

Tatu, dada yetu wa Margali amesema kweli kuhusu upweke, na maneno yake yamenigusa mimi pia. Ninasoma na wazee wenzangu wawili kila Jumamosi jioni kwa njia ya simu. Hakuna mchango, hakuna anayejiita guru, na kuuliza kunaruhusiwa kiasi kwamba kuna jioni tunamaliza na ubeti mmoja tu. Tuko kwenye sura ya 31 ya kitabu cha 10, wimbo wa beti 19 walioimba ukingoni. Jumamosi iliyopita tulisimama kwenye ubeti wa 9, unaosema kwamba habari za Krishna ni uhai kwa walioungua. Nitakutumia ujumbe wa faragha wenye saa yenyewe, na ukija tutaanzia hapo. Mtoto akiamka katikati ya usomaji, tutakusubiri.